Mkwaju wa Katabi na Ushahidi wa Historia

Jina la Mkoa wa Katavi, wenye makao makuu Mpanda, huhusishwa na Katabi, mwindaji wa hadithi ambaye mzimu wake huaminika kukaa katika mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, ambako wenyeji huweka sadaka shinani. Mwaka 1961 mwanahistoria Jan Vansina alionyesha kwamba mapokeo simulizi, yaani habari zinazorithishwa kwa mdomo, ni ushahidi unaopaswa kupimwa kama hati yoyote. Hivyo, mkwaju huo huthibitisha imani ya jamii, lakini umri wa mambo ya kale hutafutwa ardhini, katika vigae, mkaa na mavi ya chuma, yaani taka za uyeyushaji, kandokando ya malungu, matanuru marefu ya udongo ya Ufipa jirani.