Gego la Mwisho Lisidharauliwe



Mara nyingi mtu akilia jino, watu wa nyumbani humcheka, wakasema, "Ni jino tu, vumilia." Neno hilo sisi wenyewe tulilinena, na twajuta kulinena. Kwa hiyo tumeona yafaa kuandika habari hizi, ili nyumba nyingine zisikosee kama tulivyokosea sisi.

Kijana wetu alikuwa na umri wa miaka 22, akifundisha shule huko Ukerewe. Alitupigia simu, akasema nyuma kabisa ya taya la chini, upande wa kuume, ufizi unamwuma. Tulimjibu asukutue maji ya chumvi na kuvumilia, maana mitihani ya watoto ilikuwa karibu. Maumivu yakatulia, kisha yakarudi. Yakatulia tena, yakarudi kwa nguvu. Mara ya tatu hakupiga simu, kwa kuwa aliona haya. Aliposhuka melini hapa Mwanza, shavu lilikuwa limevimba, kinywa hakikufunguka hata kupitisha kijiko cha uji, na mwili ulikuwa moto. Hapo tulifahamu kwamba ile tuliyoiita subira ilikuwa uzembe.

Jino hilo ni lipi?

Mtu mzima mwenye meno yote ana meno 32. Katika hayo, manne ndiyo magego ya mwisho, moja katika kila pembe ya kinywa. Huota mara nyingi kati ya miaka 17 na 25, wakati mtu anapoanza kupata akili za utu uzima, ndiyo maana wengine huliita jino la akili. Wako watu wasioota hata moja, wala hilo si ugonjwa.

Shida yake ni kuchelewa. Hufika kama mgeni aliyekuja karamuni akakuta mahali pote pamekaliwa. Likikosa nafasi hulala upande na kulisukuma gego lililo jirani, au hutokeza nusu tu, na nusu nyingine hufunikwa na ufizi. Chini ya kifuniko hicho makombo ya ugali na dagaa huingia, wala mswaki haufiki. Vijidudu huzaana, ufizi huvimba, na usaha hutoka. Maji ya chumvi ya vuguvugu hupunguza maumivu kwa muda, lakini hayaondoi sababu, kwa maana jino bado limelala pale pale.

Hata hivyo, msidhani kwamba kila gego la mwisho halina budi kung'olewa. Huko Uingereza, mwaka 2000, waganga walipewa mwongozo kwamba gego la mwisho lisilo na ugonjwa liachwe. Lililoota sawasawa na kusafishika vema ni jino kama mengine. Lenye kuugua mara kwa mara, au lililooza, au linaloharibu jirani yake, hilo ndilo la kutolewa.

Hatari yake

Usaha wa gego la chini waweza kushuka chini ya ulimi na kuingia shingoni. Mganga Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, alieleza ugonjwa huo mwaka 1836, na hata leo waganga huuita kwa jina lake. Dalili zake ni hizi: uvimbe mgumu chini ya kidevu, ulimi kuinuliwa, mgonjwa kushindwa kumeza mate yake, sauti kubadilika, na kuhema kwa taabu. Mkiona hayo, msingoje kuche. Mchukueni mgonjwa hospitali usiku huo huo, kwa maana njia ya pumzi yaweza kuzibika.

Tangu mwaka 2025 daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa, na mgonjwa wa Sengerema hangoji tena kivuko. Lakini ndugu zetu wa Ukerewe na visiwa vingine bado hutegemea chombo cha majini, na chombo hakiondoki kila saa. Basi anayekaa kisiwani yampasa kuondoka mapema kuliko wa mjini.

Msimpeleke kwa mtu mwenye koleo la sokoni, kwani chombo kisichotakaswa huweza kuleta homa ya ini na UKIMWI. Katika miaka ya 2000 chama cha Bridge2Aid kilianza kazi hapa Mwanza, kikawafundisha waganga wa vituo vya vijijini kung'oa meno kwa ganzi na kwa vyombo safi. Jino la kawaida laweza kutolewa na mganga aliyefunzwa hivyo. Lakini gego lililolala ndani ya mfupa lahitaji mganga wa meno katika hospitali kubwa, kama ile ya Bugando, iliyo juu ya kilima tangu mwaka 1971.

Kung'olewa

Kijana wetu alipewa kwanza dawa za kuua vijidudu, na ufizi ukasafishwa. Uvimbe ulipopungua alipigwa picha ya eksirei, ili mganga aone jino limelalaje, na mshipa wa fahamu wa mdomo unapita wapi. Mganga alimwambia wazi kwamba mshipa huo ukiguswa, mdomo waweza kufa ganzi kwa muda, na kwa wachache hukaa hivyo. Kisha akamchoma sindano ya ganzi, akapasua ufizi, akalikata jino vipande, akalitoa, na kushona. Kijana alisikia kusukumwa, wala hakusikia maumivu.

Siku za kupona

Kazi ya mganga ilikwisha upesi. Kazi ya nyumba ndiyo iliyobaki. Tulimsimamia katika haya:

Siku ya kwanza aume pamba safi kwa nusu saa ili damu isimame. Asisukutue, asiteme mate kwa nguvu, wala asinyonye kitu kwa mrija, maana donge la damu lililo shimoni ndilo kifuniko cha kidonda. Likitoka, mfupa hubaki wazi, na baada ya siku mbili tatu maumivu makali huanza, yakapanda hata sikioni. Hayo yakitokea, arudi kwa mganga.

Siku ya pili aanze kusukutua polepole kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika bilauri ya maji ya vuguvugu, kila baada ya kula. Meno mengine ayapige mswaki kama desturi.

Ale uji uliopoa, mtori, na samaki aliyepondwa. Michembe, karanga na muwa vingoje. Sigara na pombe aviache kabisa. Dawa alizopewa azimalize, hata akijiona mzima.

Uvimbe huzidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua. Ukizidi baada ya hapo, au homa ikija, asikae nyumbani.

Wako wasemao kwamba jino likitolewa macho hupofuka. Neno hili si kweli, kwa maana mshipa wa jino si mshipa wa macho. Kijana wetu alirudi Ukerewe baada ya juma moja, na daftari zake huzisoma vema.

Yeye ametusamehe. Lakini siku alipokuwa akiondoka alituuliza swali moja: "Baba, kama ningekuwa nimevunjika mguu, mngeniambia nivumilie?" Hatukuwa na jibu. Basi, wazazi wenzetu, mtoto akisema jino linamwuma, kwanza mwambieni afungue kinywa, mtazame.