Bangi Ikikupanda Vibaya

Vijana wanaoletwa zamu ya usiku baada ya bangi kuwapanda vibaya husema karibu maneno yaleyale: "Nesi, moyo unataka kupasuka. Nakufa." Mmoja ameshika kifua kwa mikono miwili, mwingine amemng'ang'ania rafiki yake hataki amwachie. Mimi ni muuguzi wa chumba cha dharura hapa Dar es Salaam, na hali hii naijua vizuri. Inaniuma kwa sababu wengi wao wangeteseka kidogo sana kama mtu mmoja tu aliyekuwa nao angejua la kufanya.

Sheria yetu inakataza bangi, na siandiki haya kumfundisha mtu kuvuta. Namwandikia yule ambaye imeshamwingia mwilini, pamoja na ndugu yake anayemwangalia asijue aanzie wapi.

Kinacholevya ndani ya bangi ni kemikali iitwayo THC. Wanasayansi Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenganisha na kuutambua muundo wake huko Israel mwaka 1964. Ubongo una vipokezi ambavyo THC hujishikiza navyo, na baadhi yake viko kwenye amigdala, sehemu inayotuonya kuhusu hatari. Dozi ikiwa ndogo, wengi hutulia. Ikizidi, amigdala hulia kama king'ora cha nyumba isiyoungua. Wakati huohuo mapigo ya moyo huongezeka, pengine kwa 20 hadi 50 kwa dakika. Mtu akiusikia moyo wake unakwenda mbio bila kujua sababu, anaogopa. Hofu nayo inamwaga adrenalini, moyo unazidi kukimbia, na hofu inaongezeka tena.

Tofauti kati ya kutulia na kupaniki ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2017 watafiti wa Chicago walichapisha jaribio walilofanya kwa watu wazima 42, waliopewa vidonge kisha wakatakiwa kufanya usaili na hesabu mbele ya watu wasiowachekea. Waliopewa miligramu 7.5 za THC walisumbuka kidogo kuliko waliopewa kidonge kitupu. Waliopewa miligramu 12.5 walisumbuka zaidi, hata kabla kazi yenyewe haijaanza. Tofauti ni miligramu 5, na msokoto wa mtaani hauna mizani. Ndiyo maana anayeniambia "lakini jana nilivuta hii hii" simshangai: ya jana na ya leo hazikutoka shina moja, na leo pengine alikuwa na njaa, hajalala, au ana msiba.

Ninachokihofia zaidi ni biskuti na keki. Moshi hufika kwenye ubongo ndani ya dakika chache, na mvutaji anajua mapema kama imemzidi. Inayoliwa hupita tumboni, kisha ini huigeuza kuwa kemikali nyingine yenye nguvu zaidi. Huanza kuonekana baada ya nusu saa hadi saa mbili, na inaweza kumshika mtu saa sita, nane, au zaidi. Katikati ya kungoja huko ndipo mtu anaposema "haijanishika" na kuongeza kipande. Machi 2014, miezi michache tu baada ya Colorado kuruhusu maduka ya bangi, mwanafunzi wa miaka 19 kutoka Kongo-Brazzaville alikula kipande kimoja cha biskuti mjini Denver, kama muuzaji alivyomwelekeza. Biskuti nzima ilikuwa ya vipande sita, kila kimoja na takriban miligramu 10. Hakuhisi kitu. Baada ya nusu saa hadi saa moja akala iliyobaki yote. Maneno yake yakavurugika, akawa mkali, na saa chache baadaye akajirusha kutoka ghorofa ya nne ya hoteli akafa. Alikuwa mtoto wa watu, ametoka kwao kwenda kusoma. Namkumbuka kila ninaposikia mtu anasema bangi ya kula ni laini kwa sababu haina moshi.

Sasa nieleze tunavyomtuliza mtu. Nitamchukua kijana mmoja wa bodaboda aliyeletwa na wenzake watatu baada ya kula keki kwenye sherehe. Mmoja alikuwa anampiga makofi shavuni, wa pili anamrekodi kwa simu, wa tatu ameshika pakiti ya maziwa anayotaka kumnywesha. Maziwa hayaiondoi THC iliyokwisha kuingia kwenye damu, na mtu aliyechanganyikiwa anaweza kupaliwa nayo. Nikawaomba wawili watoke, nikambakisha aliyekuwa na sauti ya chini kuliko wote. Taa ya juu ya kitanda nikaizima.

Mapigo yake yalikuwa 128. Vidole vilikuwa vya baridi, vimelowa jasho, na ulimi ulikuwa unanata kwa ukavu. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ni nesi, siondoki hapa. Hiki ulichokula kinapanda, kitafika mwisho wake, kisha kitashuka." Akasema mikono inakufa ganzi, anapooza. Ganzi ile ilitokana na kuhema harakaharaka: hewa ukaa hupungua kwenye damu, na midomo na vidole huanza kuwasha na kufa ganzi. Mtu wa namna hii ukimwambia "vuta pumzi kwa nguvu" unamwongezea tatizo. Nilimwambia atoe pumzi kwanza, polepole, mdomo ukiwa umebanwa kidogo. Kisha avute kwa pua huku nikihesabu hadi nne, na atoe nikihesabu hadi sita. Nikampa chupa ya maji baridi aishike kwa mikono yote miwili na anywe kidogokidogo, halafu nikamtaka anitajie anachokiona: feni, pazia, mtungi wa oksijeni, kandambili zangu. Wimbi lile kali la hofu kwa kawaida hupungua ndani ya nusu saa, na kwake lilipungua. Ulevi wenyewe ulibaki hadi alfajiri, maana alikuwa amekula. Hakuhitaji sindano yoyote. Wengine daktari huwapa diazepam kidogo, lakini hiyo si dawa ya kujinunulia, hasa kama mtu amekunywa pombe.

Wako wanaotafuna pilipili manga ili kuituliza hofu hiyo. Mwanamuziki Neil Young ameshawahi kuisifu hadharani, na mtafiti Ethan Russo aliijadili katika makala yake ya mwaka 2011. Ushahidi wake kwa binadamu ni mdogo. Punje mbili hazimdhuru mtu mzima mwenye fahamu zake, na harufu yake kali humrudisha alipo, kwa hiyo simkatazi. Bia ya kutuliza namkataza kabisa. Namkataza pia kupanda pikipiki na kwenda baharini.

Lakini yapo ya kukimbizwa hospitali bila kusubiri: maumivu ya kifua yasiyoisha, kuzirai, degedege, kutapika mfululizo, mtu anayesikia sauti zisizokuwepo au anayetaka kujidhuru, na mwenye ugonjwa wa moyo. Mtoto mdogo aliyekula biskuti hizo aletwe hata kama anaonekana amelala tu, kwa sababu usingizi ule unaweza kumpunguzia pumzi.

Na wewe unayevuta kila siku ili kuua wasiwasi, nakusihi ujiulize wasiwasi huo unarudi saa ngapi. Mwili ukizoea, kuikosa bangi kwenyewe huleta hasira, kukosa usingizi na hofu, nawe unavuta tena kutibu ilichokuletea. Utafiti wa Ulaya na Brazil wa mwaka 2019 ulikuta wanaotumia bangi kali kila siku wana uwezekano wa karibu mara 5 wa kupata ugonjwa wa akili wa kupoteza uhalisia, wakilinganishwa na wasioitumia kamwe. Wasiwasi unatibika, kwa mazungumzo na kwa dawa, na kliniki za afya ya akili zipo kwenye hospitali za mikoa.

Ndugu mnaomleta mgonjwa, msimfunge kamba wala msimtukane njiani. Njooni na kipande kilichobaki au karatasi yake, na mtuambie ukweli: alikula nini, kiasi gani, saa ngapi, na alichanganya na nini. Majibu hayo manne hutusaidia kuliko kitu kingine chochote mtakachokuja nacho.