Mtoto Apewe Damu Kiasi Gani?

Katika nchi zetu, ambako malaria, selimundu, minyoo na uchache wa lishe aghalabu hukutana katika mwili mmoja mdogo, tabibu wa hospitali ya wilaya anayempokea mtoto aliyepungukiwa mno na damu hukabiliwa na maswali mawili ambayo kwa miaka mingi yalijibiwa kwa desturi kuliko kwa ithibati: mtoto huyu atundikiwe damu sasa hivi, au angojewe, na akitundikiwa, apewe kiasi gani?

Desturi hiyo haikukosa msingi. Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba mtoto ambaye himoglobini yake imeshuka chini ya gramu 4 katika desilita moja aongezewe damu bila ya kukawia, na kwamba yule aliye baina ya 4 na 6 aongezewe iwapo tu ana dalili za hatari, kama vile kupumua kwa taabu au kupotewa na fahamu. Na kipimo kikawa mililita 20 za damu nzima kwa kila kilo ya uzito. Ilikuwa hadhari njema, kwa kuwa damu ni haba, na ukimwi ulikuwa umeitia hofu kila chupa. Lakini watoto wengi waliongezewa kipimo hicho wakabaki na upungufu, na baadhi yao wakafariki nyumbani baada ya kuruhusiwa.

Baina ya 2014 na 2017 maswali hayo yalichunguzwa katika hospitali tatu za Uganda, yaani Mulago, Mbale na Soroti, na moja ya Blantyre nchini Malawi, kwa uongozi wa Profesa Kathryn Maitland, tabibu wa watoto ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ameifanya Kilifi. Watoto walipangwa kwa kura. Wako wanaoona kwamba kumpigia kura mtoto mgonjwa ni ukatili. Mimi naiona kuwa ndiyo insafu yenyewe, maana mwaka 2011 uchunguzi wa namna hiyo uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania ulikwisha kubainisha kwamba kuwamiminia maji ya mishipa kwa haraka watoto wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu, jambo lililoaminiwa kuwa ni auni, kulizidisha vifo.

Katika watoto 1,565 wasio na dalili za hatari, hapakuthibiti tofauti ya vifo baina ya waliopewa damu papo hapo na waliongojewa huku wakipimwa, na takriban nusu ya waliongojewa hawakuongezewa damu hata kidogo. Swali la pili, lililowahusu watoto zaidi ya 3,000, ndilo lililonishughulisha zaidi. Kwa jumla mililita 30 hazikuthibiti kuzishinda 20; lakini walipotengwa waliolazwa na homa na waliolazwa bila ya homa, jambo lililofichwa na jumla likadhihiri, kwamba wasio na homa walikufa wachache zaidi walipopewa 30, na wenye homa walikufa wengi zaidi kwa kipimo hicho hicho, wakafaliwa na 20. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2019, na maana yake kwa wodi ni kwamba kipimajoto, kifaa rahisi kuliko vyote vilivyomo, kina haki ya kutangulia mbele ya chupa.

Faida yake haimhusu mtoto huyo peke yake. Hazina zetu za damu hutegemea sana wanafunzi wa sekondari, na shule zinapofungwa hupungua. Chupa isiyotumiwa pasipo haja huweza kumfikia mama anayevuja damu katika uzazi.

Hata hivyo, nawasihi wasimamizi wa hospitali wasiugeuze utafiti huu kuwa idhini ya ubahili. Waliongojewa hawakuachwa: himoglobini yao ilipimwa tena na tena, wauguzi waliwaangalia, na damu ilikuwapo kwa yeyote ambaye hali yake iliharibika. Pasipo na kipimo cha usiku, wala muuguzi wa kurudi kitandani, wala chupa iliyo tayari, tabibu aliyebaki peke yake na mtoto mwenye gramu 5 ana haki ya kumtundikia damu mara moja.