Kocha wa miaka 50: nani angemufukuza?

Wandugu wa mugodi, tunajua namna iko: kocha akipoteza mechi tatu, dimanche jioni amekwisha kufunga valizi. Lakini kule Marekani, mu besiboli, mutu mumoja aliongoza ekipe moja miaka 50: Connie Mack, wa Athletics ya Philadelphia, tangu 1901 mupaka 1950.

Sababu gani? Hakuwa kocha tu. Tangu mwanzo alikuwa na fungu lake mu mali ya ekipe. Patron hajifukuze mwenyewe.

Tusimunyime haki yake. Mu ujana alifanya kazi mu kiwanda cha viatu, na alichukua ubingwa mara 5: 1910, 1911, 1913, 1929 na 1930. Lakini mu 1914 ligi mupya ilianza kutoa mushahara mukubwa. Mack hakutaka kushindana. Wachezaji wawili wakubwa wakaenda, Eddie Collins akauzishwa dola 50 000. Mwaka 1915 ekipe ile ikawa ya mwisho, ikabakia ya mwisho miaka 7. Kocha akabakia pa kiti.

Alipotoka, na miaka 87, walimufuata Jimmy Dykes na Eddie Joost. Wale walikuwa wafanyakazi tu: mumoja miaka 3, mwingine mwaka 1. Kisha ekipe ikauzishwa, ikahamia Kansas City mu 1955.

Basi, siku kampani inatuambia "wote tumepoteza", tuulize: nani alitoka, na nani alibakia?