Duma: Wawili wa Nairobi, studio ya Kampala

Agosti 2020, korona ikiwa imefunga mipaka na kumbi za muziki, albamu moja iliyorekodiwa Kampala ilianza kuzungumzwa sana na wapenzi wa muziki mzito Ulaya na Marekani. Hakukuwa na rumba ndani yake, wala ndombolo, wala kwaya. Kulikuwa na mtu anayepayuka mpaka koo linakwaruza, gitaa linalonguruma, na ngoma za kompyuta zinazokimbia kuliko mkono wa mpigaji yeyote. Albamu iliitwa Duma, jina la kundi lenyewe. Kundi lilikuwa na watu wawili tu, wote Wakenya: Martin Khanja, anayejiita Lord Spike Heart, kwenye sauti, na Sam Karugu kwenye gitaa na mitambo.

Lilidumu miaka michache tu. Lilizaliwa 2019, likatoa albamu hiyo na nyimbo chache nyingine, kisha kila mmoja akashika njia yake.

Msikilizaji wa Bunia ana haki ya kuuliza: huu ni muziki gani? Sehemu ya damu yake ni hardcore, mtoto mkali wa panki. Panki ilipovuma London na New York miaka ya 1970, vijana wa Washington waliichukua, wakaongeza mwendo na kufupisha nyimbo. Waliotangulia walikuwa Bad Brains, vijana wanne Weusi waliokuwa wakipiga jazi kabla ya kugeukia panki, na baadaye wakawa Marasta wanaochanganya hardcore na rege. Wimbo wao wa kwanza kutoka kwenye santuri, mwaka 1980, unakwisha kabla ya dakika mbili.

Mji huohuo ulikuwa na Teen Idles, wanafunzi waliodumu kama mwaka mmoja tu. Walipoachana mwishoni mwa 1980, walikuwa na akiba ya malipo ya maonyesho yao, dola mia kadhaa. Badala ya kugawana, wakazitumia kutoa santuri ndogo ya nyimbo zao, wakaanzisha kwa ajili hiyo lebo iliyoitwa Dischord. Hawakujua hata jalada la santuri linatengenezwaje. Basi wakachukua jalada moja, wakalibandua gundi, wakalikunjua na kuchora umbo lake kwenye karatasi. Kisha wao na rafiki zao wakaketi na mikasi, wakikata, wakikunja na kugundisha, moja baada ya jingine. Ndiyo desturi ya hardcore tangu hapo: usingoje kampuni ije ikuchague.

Nairobi nayo ilikuwa na watu wa namna hiyo. Redio kubwa zilijaa injili, rapu ya Nairobi iitwayo genge, na nyimbo kutoka Tanzania, Naijeria na Marekani, lakini pembeni kulikuwa na vikundi vya roki na metali: Last Year's Tragedy, Parking Lot Grass, Lust of a Dying Breed, Seeds of Datura. Khanja na Karugu walitoka katika mazingira hayo. Mashabiki hawakuwa wengi, ila walijuana, na mwanamuziki mmoja aliweza kuonekana katika vikundi viwili au vitatu.

Kulikuwa pia na mzigo wa kushukiwa. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini Kenya, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Kanisa Katoliki. Katika nchi iliyowahi kuundiwa tume kama hiyo, kijana mwenye fulana nyeusi yenye fuvu la kichwa hakosi mtu wa kumwombea njiani.

Mlango ulifunguka Kampala. Tamasha la Nyege Nyege lilianza Jinja mwaka 2015, na baada yake likazaa lebo ya Nyege Nyege Tapes yenye studio Kampala. Hapo ndipo Duma waliporekodi mwaka 2019. Mpiga ngoma hawakuwa naye, midundo ilitoka kwenye kompyuta, na kasoro hiyo ikageuka kuwa sura ya kundi: metali na hardcore zikakutana na muziki wa mashine. Wimbo mmoja waliupa jina la "Uganda with Sam". Baadaye Sub Pop, lebo ya Seattle iliyotoa albamu ya kwanza ya Nirvana mwaka 1989, nayo ikatoa santuri yao ndogo.

Wakongo hawako mbali na kelele hii. Studio hizohizo za Kampala zimemlea Rey Sapienz, Mkongo aliyetoa Na Zala Zala mwaka 2021 pamoja na Congo Techno Ensemble. Kabla yao, Konono N°1 ya Kinshasa, chini ya mzee Mawangu Mingiedi, ilifunga likembe vinasa sauti vilivyoundwa kwa sumaku za vipuri vya magari makuukuu na kuzipitisha kwenye vipaza sauti hadi zikakoroma. Albamu yao Congotronics ya 2004 iliwashangaza Wazungu waliodhani mkoromo wa namna hiyo ni mali ya magitaa ya roki peke yake. Anayetoka Bunia kwenda Kampala, apitie Mahagi au avuke Ziwa Albert, anaelekea penye muziki ambao nusu yake tayari ni wa nyumbani.

Baada ya Duma, Khanja hakunyamaza. Mwaka 2024 alitoa albamu yake mwenyewe, The Adept, akimuenzi Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha juu kabisa katika jeshi la Mau Mau lililopigania uhuru wa Kenya, na kufariki 2023. Safari hii hakutegemea lebo ya mtu mwingine: aliitoa chini ya Haekalu, lebo aliyoianzisha mwenyewe. Ni desturi ileile ya Washington: Dischord, iliyoanza na akiba ya vijana walioachana, bado inauza santuri hadi leo.