Kokteli ya Vuli, au ya Matufaha?

Katika zoezi la tafsiri muhula huu tuliwapa wanafunzi wetu hapa Uganda maelezo ya kutengeneza kinywaji cha Kimarekani kiitwacho Old Fashioned, kilichobadilishwa ladha ili kifae miezi ya Septemba hadi Novemba. Karibu darasa zima liliandika "kokteli ya vuli". Tukitazame kwanza kinywaji chenyewe. (Asiyetumia kileo asihofu, hapa tunaonja msamiati tu.)

Mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, lilieleza kuwa kokteli ni kileo kikali chochote kilichochanganywa na sukari, maji na bita, yaani matone machungu ya mizizi na maganda. Old Fashioned haijaenda mbali na hapo: wiski mililita 60, sukari kijiko kidogo, matone mawili matatu ya bita, barafu na ganda la chungwa.

Huko matufaha huvunwa sana Septemba na Oktoba. Kwa hiyo nusu ya wiski hupunguzwa, ikatiwa brandi ya matufaha mililita 30. Badala ya sukari hutiwa utomvu wa mti wa mepo uliochemshwa ukawa mzito kama asali. (Utomvu huo hugemwa baridi inapoelekea kwisha, si majira haya, ila majani ya mti huo ndiyo yanayosifiwa kwa kugeuka mekundu.) Vyote hukorogwa na barafu kama sekunde 30, vikachujwa katika bilauri yenye barafu mpya, na juu hukunwa kungumanga kidogo. Tafadhali, hukorogwa! Walioandika "tikisa" walikosea: hutikiswa vinywaji vyenye maji ya ndimu au machungwa. Hiki kikitikiswa huingia ukungu.

Sasa neno. Vuli ni mvua za Oktoba hadi Disemba. Miezi inakaribiana, na mtego ndio huo. Mkulima wa Tanga wakati wa vuli anapanda. Mwenzake wa New York anavuna, majani yanapukutika, baridi inabisha hodi. Msomaji wa Tanga akisoma "kokteli ya vuli" atawaza mvua na matope, asijue tufaha limeingiaje humo.

"Majira ya kupukutika majani" ni sahihi, lakini ni refu mno kwa jina la kinywaji. Napendekeza "kokteli ya msimu wa matufaha". Mwenye jina bora zaidi alilete ofisini kabla ya toleo lijalo.