Waya wa Ardhi

Mashine ya chuma ikiharibika ndani, umeme waweza kuingia katika chuma chake. Mtu akiigusa hupigwa, pengine hufa. Kwa hiyo fundi hufunga waya kutoka kwenye chuma mpaka udongoni. Umeme hupita humo, na swichi ya usalama huukata mara moja.

Mjini Goma kazi hii ni ngumu. Mwaka wa 2002 mlima Nyiragongo ulitapika moto mpaka katikati ya mji, nao ukaganda kuwa jiwe jeusi. Jiwe kavu halipitishi umeme vizuri, wala fimbo ya shaba hailipenyi. Fundi mwema huchimba mtaro mrefu, hulaza waya mtupu wa shaba, huufunika kwa udongo wenye unyevu, kisha hupima. Fundi mvivu huuficha kati ya mawe tu. Taa huwaka katika nyumba zote mbili, lakini usalama umo katika moja.